Kwa nini Jangwani hufungwa kila masika

Mvua ikipiga usiku kucha Dar es Salaam, mkazi wa Kimara hahitaji kufika kituoni ndipo ajue hali ikoje. Simu inamwambia mapema: mabasi ya mwendokasi yanaishia Magomeni Mapipa, Jangwani pamejaa maji. Kuanzia hapo kila mtu anapiga hesabu zake. Mwenye miguu anashuka Mapipa na kutafuta pa kuvukia. Mwenye hela kidogo anachukua bodaboda izunguke kwa Barabara ya Kawawa kupitia Kigogo, kwa nauli ambayo siku ya jua asingethubutu mtu kuitaja. Mwenye gari anakimbilia Daraja la Selander au la Tanzanite, na huko anawakuta wenzake wote waliowaza kama yeye. Mama mwenye meza Kariakoo, ambaye mzigo wake ulitakiwa uwe sokoni alfajiri, ameshakula hasara kabla hajamuona mteja wa kwanza. Chanzo cha yote haya ni kipande cha Barabara ya Morogoro kati ya Magomeni na Fire ambacho siku kavu unakitembea kwa miguu bila kutokwa jasho.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu ndani yake kuna karibu kila lalamiko la mkazi wa jiji letu: barabara, mafuriko, bomoabomoa, fidia, taka, usafiri wa umma, na lile swali la siku zote la nani hasa mhusika. Tena hakuna cha kushtukiza. Maji ya Jangwani yanajulikana yanatoka wapi, yanapita wapi na yanakuja miezi gani. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Jambo linalokuja na miadi namna hiyo, likitukuta hatujajiandaa mwaka wa ishirini, tuache kuliita maafa ya asili.

Mto wenyewe

Msimbazi, mto unaopita Jangwani, si mto wa kutisha. Unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, mkoani Pwani, unashuka kupitia pembezoni mwa jiji, unakata Vingunguti, Tabata, Kigogo na Magomeni, na kuingia baharini chini ya Daraja la Selander, penye mikoko. Njiani unapokea vijito vya Ubungo, Luhanga, Kibangu na Sinza. Wakati wa kiangazi ukisimama Jangwani unaona mfereji wa maji meusi, mwembamba, ambao mtoto angeuruka kama si harufu. Ndiyo maana mgeni akiambiwa mto huu umeua watu anadhani anataniwa.

Lakini bonde ni pana kuliko mto, na bonde halikuchimbwa na binadamu. Ni kazi ya maji ya miaka mingi yakitanda huku na huko. Maji yanapojaa Jangwani hayajavamia mahali pa mtu, yako kwao.

Kuna mambo manne yaliyofanya yaje mengi zaidi na yaondoke taratibu zaidi. La kwanza ni juu huko, Kinyerezi, Segerea, Gongo la Mboto, Kimara. Sehemu hizo zilikuwa mashamba na vichaka, leo ni mabati na zege. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na wengi wao hawakujenga Upanga. Walijenga juu ya vilima ambavyo zamani vilikuwa vinanyonya mvua. Sasa kila paa linamwaga maji yake uani, ua una zege, zege linamwaga barabarani, na barabara inamwaga mtoni ndani ya saa moja badala ya siku nzima.

La pili ni mchanga, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopita haraka. Ardhi ya vilima vile ni ya kichanga. Ukiondoa majani, mvua inaibeba. Isitoshe, kwenye kingo za mto huko juu kuna vijana wanaochimba mchanga wa ujenzi kwa beleshi na kupakia malori, na wateja wao ni sisi tunaofyatua matofali. Ukingo ukichimbwa unalegea, mvua inayofuata inaumega, wakati mwingine pamoja na choo au chumba cha nyumba iliyo jirani. Udongo huo wote unasafiri. Maji yanapofika Jangwani, mahali palipo tambarare, yanapunguza mwendo na kuutua. Kwa hiyo kitanda cha mto kinapanda mwaka hadi mwaka, na makalavati chini ya barabara yanazibika. Kila baada ya muda tunaona kijiko kikichota mchanga pale na kuurundika pembeni, halafu mvua inaurudisha sehemu ya rundo lile lile. Mchanga unaoua nyumba Tabata kwa kuondoka ndio unaofunga barabara Jangwani kwa kufika.

La tatu ni barabara yenyewe. Barabara ya Morogoro imekatisha bonde kwa tuta, na matundu ya kupitishia maji yaliyo chini yake hayatoshi. Mto ukijaa, tuta lile linazuia maji, na yakishindwa kupita chini yanapita juu. La nne linajulikana na kila aliyekulia pwani: maji yakijaa baharini, hasa siku za bamvua, mto hauna pa kumwaga. Mvua kubwa ikiangukia saa hizo, Jangwani inafungwa hata kama kalavati zote zingekuwa safi.

Ongezeni taka. Kaya ambayo gari la taka haliifikii, kwa sababu njia ni ya kupita mtu mmoja, inangoja mvua na kuutupa mfuko mtoni. Wapo pia wanaongoja mvua hiyo hiyo watapishe vyoo, yaani watoboe shimo lililojaa ili uchafu uende na maji. Tunawalaani, na tuna haki, ila tukumbuke gari la kunyonya majitaka nalo haliingii uchochoro ule, na likiingia bei yake si ya mpangaji wa chumba kimoja. Kipindupindu kilicholipuka Dar mwaka 2015 hakikuhitaji mpelelezi.

Waliokaa bondeni

Ramani ya mipango miji ya 1979 ililitenga bonde la Msimbazi lisijengwe. Sheria ya Ardhi ya 1999 ina kifungu kuhusu ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Karatasi zote zinasema jambo moja.

Hata hivyo watu walijenga Suna, Hananasif, Mkunguni, Kigogo na Mchikichini, na hawakujenga usiku. Walinunua viwanja kwa mashahidi, mjumbe akasaini, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri na kuchukua asilimia yake. Umeme ukaletwa, mita za maji zikafungwa, shule na zahanati zikajengwa karibu. Miaka ya 2000 serikali ilipoanza kutoa leseni za makazi katika maeneo yasiyopimwa, baadhi ya wakazi wa mabondeni nao walizipata, wakawa wanalipia kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Mtu mwenye karatasi ya serikali mkononi, anayelipa ankara ya serikali, ukimwambia yeye ni mvamizi, lazima akuulize ni lini alianza kuvamia.

Mimi siwatetei moja kwa moja. Mtu aliyeona maji yakifika dirishani mwaka mmoja, akapandisha msingi kwa tofali tatu na kuongeza vyumba viwili vya kupangisha, alijua anachofanya. Lakini alikuwa na hesabu, na hesabu zake hazikuwa za kijinga. Kutoka Magomeni Suna unakwenda Kariakoo kwa miguu. Anayebeba mizigo, anayepika chakula cha mafundi, anayefuata samaki Feri saa kumi alfajiri, nauli ya kwenda na kurudi ndiyo faida yake ya siku. Mafuriko yanakuja mara mbili tatu kwa mwaka. Njaa inakuja kila siku.

Hesabu hiyo ilipimwa hadharani Desemba 2011. Mvua zilizonyesha wiki ile zilielezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa, maelfu wakalala shuleni. Serikali ikawagawia waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini ya Kinondoni, mwendo wa kilomita kama thelathini kutoka walikokuwa. Kwa nia, lilikuwa jambo jema: kiwanja kilichopimwa, hewa safi, mbali na mto. Ila ulimpa mbeba mizigo wa Kariakoo nyumba mahali ambapo hakuna mizigo ya kubeba. Haikuchukua muda baadhi wakauza viwanja na kurudi bondeni kupanga, au hata kujenga tena. Mjini wakasema watu hawa hawana shukrani. Ukweli ni kwamba walihamishwa miili, riziki zikaachwa Jangwani.

Hapa kuna kipengele cha kanuni ambacho sijaona kikijadiliwa inavyostahili. Kanuni za fidia za 2001 zinampa anayehamishwa gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36. Aliyetunga kanuni ile alifikiria kabati, kitanda na magunia. Meza ya biashara iliyo mahali panapojulikana na wateja haina uzito wa tani, na kwa mfanyabiashara mdogo asiye na vitabu vya hesabu, faida aliyopoteza ni maneno matupu mbele ya mthamini.

Desemba 2015 likaja tingatinga. Alama nyekundu za X zilichorwa ukutani, na nyumba za Hananasif na maeneo jirani zikaanza kubomolewa, msimu wa sikukuu, watoto wakiwa likizo. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na baadhi yao wakapata zuio la muda. Zoezi likapoa. Bonde likabaki na vifusi kando ya nyumba zima, na wenye nyumba zima wakiishi na X zao ukutani miaka kadhaa, wasijue wapake rangi au wafungashe.

Depo

Sasa tuje kwenye jambo lililoiharibia serikali hoja yake yote.

Awamu ya kwanza ya mwendokasi, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake, ilianza kujengwa 2012, miezi michache tu baada ya mafuriko yale ya Desemba. Mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Mradi ulihitaji depo, yaani karakana kubwa na maegesho ya mabasi, mahali pa wazi, karibu na mjini, kando ya njia. Ikajengwa Jangwani. Ndani ya bonde lile lile. Kwa hiyo kati ya Desemba 2015 na katikati ya 2016, mkazi wa Magomeni aliweza kusimama mahali pamoja akaona kushoto nyumba ya jirani ikivunjwa kwa kuwa iko eneo hatarishi, na kulia uzio mpya wa karakana ya umma ukimeremeta.

Nimesikia utetezi kwamba depo ilijazwa kifusi na kuinuliwa. Sawa. Ila kuinua kipande kimoja cha bonde ni kulipunguzia bonde nafasi ya kutandaza maji, na maji yasiyopata nafasi kwako yanaitafuta kwa jirani. Tena hata huko kuinuliwa hakukusaidia. Mvua za 2018 ziliingia depo, mabasi yakakaa majini. Basi la mwendokasi si daladala ya kukausha plagi na kuwasha; likiingiwa na maji kwenye mifumo yake linalala miezi likisubiri vipuri. Abiria wa Kimara aliyekuwa akilalamikia msongamano mwaka ule na iliyofuata alikuwa, bila kujua, analipia uamuzi wa mahali pa kuegesha.

Barabara nayo ilipata njia mpya za zege, vituo vya kisasa, taa. Kivuko cha Jangwani kikabaki chini pale pale. Kati ya vitu vyote vilivyofanyiwa kazi kutoka Kimara hadi Feri, kile kimoja ambacho kila dereva wa daladala angekutajia ndicho hakikuinuliwa. Mtu anaweza kusema fedha hazikutosha, na huenda ni kweli. Lakini mnyororo hukatika penye pete mbovu, na pete mbovu ya njia hii ilikuwa inajulikana kwa jina.

Nani mwenye mto?

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kisa kilipo hasa. Barabara ya Morogoro ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Njia za mwendokasi ziko chini ya wakala wa DART. Barabara za mitaa zinazoshuka bondeni ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017. Mita 60 za ukingo zinalindwa na NEMC, baraza la mazingira. Maji ya mto yanasimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Taka ni za halmashauri. Viwanja na ramani ni vya Wizara ya Ardhi. Mvua inatabiriwa na TMA, mamlaka ya hali ya hewa, na inavyotabiriwa siku hizi hatuna cha kuwalaumu sana.

Juu ya hayo, mto kwa sehemu kubwa ndio mpaka. Upande mmoja Ilala, mwingine Kinondoni, na huko juu Ubungo. Chanzo kiko Kisarawe, mkoa mwingine kabisa. Mpaka una tabia yake: kila upande unafagia uani kwake na kusukuma taka hadi kwenye mstari. Iliyokuwa Halmashauri ya Jiji, ambayo angalau kwa karatasi ilikuwa juu ya manispaa zote, ilivunjwa Februari 2021 na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Sisemi halmashauri ile ilikuwa imefanya maajabu Msimbazi. Nasema tu kwamba baada ya kuondoka, chombo cha kukaa juu ya mpaka kilipungua kimoja.

Angalia matokeo kwa jambo dogo kama kuzoa mchanga. TANROADS wanazoa chini ya barabara yao, mita chache juu na chini, kwa sababu barabara ndiyo mali yao. Mita mia mbili mbele ni mto tu. Fedha za Mfuko wa Barabara zinatokana na tozo ya mafuta na zimewekewa kazi ya barabara. Mto si barabara, kwa hiyo mfuko hauutambui. NEMC wana mamlaka ya kukataza, hawana vijiko. Bodi ya bonde ina vibali vya maji, haina malori. Halmashauri inachukua ushuru wa mchanga kwenye malori yaliyopakia huko juu, kisha halmashauri nyingine inabeba mzigo wa mchanga uliomomonyoka. Hakuna aliyevunja sheria, kila ofisi imefanya kazi yake, na Jangwani imefungwa.

Mpango wa sasa

Mwaka 2018 likafanyika jambo ambalo halikuwa la kawaida kwetu. Chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kwa msaada wa Benki ya Dunia na Uingereza, watu wa ofisi zote nilizotaja waliwekwa chumba kimoja pamoja na wakazi wa bondeni, wataalamu wa maji na wachora ramani, na wakarudi humo mara kadhaa hadi wakatoka na mpango mmoja wa bonde zima. Wazo lake kuu ni rahisi kulieleza: uache mto utanuke sehemu ya chini, uchimbe uuongezee kina na upana, udongo utakaotoka uutumie kuinua kingo ziwe matuta ya kujengeka, katikati iwe bustani ambayo mvua ikija inaruhusiwa kufurika bila kumuua mtu, na barabara ipite juu.

Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania na Uholanzi zikaongeza fungu lao. Mradi umewekwa mikononi mwa TARURA. Ndani yake mna daraja jipya la Jangwani la kuinua Barabara ya Morogoro juu ya bonde, kuhamisha ile depo, kupanua mto, na kazi za kuzuia mmomonyoko huko juu. Kuhamisha depo, ambayo mkopo ulipoidhinishwa ilikuwa haijatimiza hata miaka kumi tangu mabasi yaanze, kumo kwenye bajeti ya mkopo. Tutaulipa sisi na watoto wetu.

Kwenye fidia mambo yalianza kwa ubishi. Kwa kuwa eneo ni hatarishi, msimamo wa awali ulikuwa kulipa jengo tu, ardhi isihesabiwe. Wakazi wakagoma kusaini: mtu amekaa miaka arobaini, unamlipa kuta, atajenga hewani? Baada ya mvutano serikali ikakubali kuongeza shilingi milioni 4 kwa ajili ya ardhi. Ilikuwa hatua, na tofauti ya mwaka 2015 na sasa ni kubwa kuliko tunavyokubali: safari hii watu walihesabiwa, wakathaminiwa, wakalipwa, ndipo nyumba zikavunjwa. Hata hivyo milioni 4 mwaka 2024 haikununulii kiwanja popote ambapo basi moja linakufikisha Kariakoo. Inakupeleka Chanika au mbele ya Kibaha, ukabanane na wengine kwenye mlima mwingine, na ukate miti mingine ili ujenge. Tena ukiangalia vizuri, sehemu ya vilima vya pembezoni ndivyo vinavyomwaga maji Msimbazi. Tumewatoa watu mdomoni mwa mto, baadhi yao tukawapeleka kooni.

Mpangaji ndiye anayenisumbua zaidi. Bondeni wengi walikuwa wapangaji: chumba na sebule, choo cha kushirikiana, kodi nafuu kwa sababu ya maji. Mwenye nyumba alikuwa na hati ya uthamini ya kubishania. Mpangaji alihitaji kutafuta chumba kingine katika jiji ambalo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, pamoja na ya dalali. Vyumba vya bei ile karibu na mjini vilikuwa bondeni, na bondeni kumevunjwa. Swali la wapi atalala mbeba mizigo wa Kariakoo halijapata ofisi hadi leo.

Ipo pia hofu inayosemwa vijiweni: maskini watatolewa kwa jina la mafuriko, kisha kingo zikishainuliwa zitajengwa maghorofa ya wenye nazo. Hofu hii siidharau, maana mpango wenyewe unasema wazi kuwa ardhi itakayoinuliwa iendelezwe ili ilete mapato. Uendelezaji si dhambi. Mto unaohitaji kuzolewa mchanga kila mwaka unahitaji kipato cha kila mwaka. Ila ni nyumba za nani? Ikiwa kwenye matuta hayo kutakuwa na vyumba vya kupangisha vya bei ya Manzese, hata kwa sehemu ndogo, mradi utakuwa umefanya jambo ambalo Mabwepande haikuweza. Ikiwa ni maduka na ofisi tu, basi vijiweni walikuwa sahihi.

Daraja likikamilika

Daraja la juu litamaliza tangazo la asubuhi. Sina shaka na hilo, na mkazi wa Kimara ana haki ya kulishangilia. Lakini daraja linaokoa wanaopita juu. Chini yake mto utaendelea kupokea mchanga wa Kinyerezi, na nyumba zilizobaki Kigogo, Tabata na Vingunguti hazina daraja. Barabara ya Kawawa nayo inavuka bonde hilo hilo, na wakati wa mvua kubwa nayo hukatika. Tukilichukulia daraja kuwa ndiyo mwisho wa kazi, tutakuwa tumetatua shida ya abiria na kuiacha ya mkazi, na kawaida abiria akishapita halalamiki tena, kwa hiyo hata kelele zitapungua.

Kwangu kipimo cha mradi hakipo Jangwani. Kipo juu, mahali ambapo hakuna kamera. Je, wachimba mchanga wa kingo za Msimbazi wamepewa pa kuchimba pengine? Pendekezo ambalo limekuwa likizungumzwa kwa muda lina mantiki: mchanga uliojaa Jangwani na maeneo ya chini uchimbwe kwa utaratibu na uuzwe kwa ujenzi, halafu kingo za juu zifungwe kweli kweli. Lori la mchanga lina bei, na ule wa chini hauhitaji kubomoa ukingo wa mtu. Ubora wake kwa zege ni suala la maabara. Kwa kujazia misingi hakuna anayebisha. Je, kibali cha ujenzi Segerea kinamdai mtu aweke hata tangi la kukinga maji ya paa lake? Je, barabara mpya za lami za mitaa ya juu, ambazo wakazi wake wamezililia kwa haki kabisa, mitaro yake inaishia wapi? Mara nyingi mtaro unaishia ukingoni mwa kijito, maji yanaachiwa yaanguke, na ukingo unaliwa. Mtaa mmoja umepata lami, mwingine umepata korongo.

Na kuna swali la fedha. Mkopo unajenga, hauzoi. Baada ya mkandarasi kukabidhi, mto uliopanuliwa utajaa mchanga kama ule uliotangulia, tena haraka zaidi kwa kuwa ni mpana na maji yatapunguza mwendo. Lazima kuwe na kasma, yaani fungu la bajeti, ya kila mwaka ya kuuzoa, iliyo na jina la ofisi moja mbele yake. Mkazi wa Magomeni, Mchikichini au Kigogo anayekwenda mkutano wa mtaa anaweza kuacha kuuliza daraja litaisha lini, maana hilo ataliona kwa macho. Amuulize diwani wake kasma hiyo iko kwenye kitabu cha bajeti cha nani, ni shilingi ngapi, na kijiko kitaingia mtoni mwezi gani. Kama ni baada ya Februari, masika yatakitangulia.